Zebaki katika samaki na ndege wa baharini: mama na mlezi wajue nini

Wavuvi wa pwani wana dalili yao ya zamani: ndege wakikusanyika juu ya maji na kuanza kujirusha chini, hapo kuna kundi la samaki. Ndege huyo na sisi tunakula kutoka sahani moja. Kilichomo ndani ya samaki kinamwingia yeye, na kinatuingia sisi pia. Mojawapo ya vitu hivyo ni zebaki.

Ukurasa huu unaeleza zebaki inavyofika baharini, kwa nini hujikusanya zaidi ndani ya samaki wakubwa na ndege wanaokula samaki, inavyoweza kumdhuru mtoto aliye tumboni, na ni samaki gani umpe nafasi kwenye chungu chako.

Kwa ufupi

- Karibu kila samaki ana zebaki kidogo. Samaki wakubwa wawindaji, kama papa na sansuri, ndio wenye nyingi zaidi.
- Anayedhurika kwa urahisi ni mtoto aliye tumboni, kwa sababu ubongo wake ndio kwanza unajengwa. Watoto wachanga na wadogo nao wanahitaji uangalifu.
- Usiache kula samaki. Badilisha aina ya samaki. Dagaa na samaki wengine wadogo wana zebaki kidogo sana na virutubisho vingi.
- Kupika, kukaanga, kukausha au kutia chumvi hakuondoi zebaki.

## Zebaki ni nini, na inafikaje baharini?

Zebaki ni metali ya asili. Ndiyo ile metali ya majimaji yenye rangi ya fedha ambayo zamani ilitiwa kwenye vipimajoto. Iko ndani ya miamba na ndani ya makaa ya mawe, na volkano huitoa tangu dunia iwepo. Lakini sehemu kubwa ya zebaki inayozunguka hewani leo imetokana na shughuli za watu.

Umoja wa Mataifa ulikadiria kwamba mwaka 2015 shughuli za binadamu zilirusha hewani tani 2,220 hivi za zebaki. Chanzo kikubwa kuliko vyote, takriban asilimia 38, kilikuwa uchimbaji mdogo wa dhahabu. Kilichofuata ni uchomaji wa makaa ya mawe, takriban asilimia 21.

Uchimbaji huo tunaujua vizuri. Kuanzia Geita na Chunya nchini Tanzania hadi Migori nchini Kenya, wachimbaji wadogo huchanganya zebaki na mchanga wa mawe yaliyosagwa. Zebaki huinasa dhahabu, na donge linalopatikana huchomwa motoni. Zebaki hupanda kama mvuke, dhahabu inabaki.

Mvuke huo hauishii pale machimboni. Zebaki inaweza kukaa hewani kwa miezi mingi na kusafiri kutoka bara moja hadi jingine, kisha ikashuka na mvua au vumbi. Nyingine huchukuliwa na mito. Ndiyo maana zebaki imepatikana hata katika ncha za dunia, mahali pasipo na kiwanda wala mgodi. Wanasayansi wanakadiria kwamba katika maji ya juu ya bahari zebaki imeongezeka karibu mara tatu tangu kabla ya zama za viwanda.

Ikishafika majini, bakteria wanaoishi kwenye tope na kwenye maji yenye hewa kidogo huigeuza kuwa aina nyingine, inayoitwa methili-zebaki. Hii ndiyo hatari kwa mlaji wa samaki, kwa sababu mwili huifyonza karibu yote na huitoa polepole sana.

## Kwa nini samaki mkubwa ana zebaki nyingi?

Fikiria ngazi. Kwenye kidato cha chini kabisa kuna mimea midogo ya baharini isiyoonekana kwa macho. Mimea hiyo hunyonya methili-zebaki kidogo kutoka majini. Vidudu vidogo hula mimea hiyo kwa wingi. Dagaa hula vidudu. Kibua hula dagaa wadogo na vidudu. Jodari hula vibua. Papa hula jodari.

Katika kila kidato, mlaji huondoa sehemu kubwa ya chakula chake kama nishati na kinyesi, lakini zebaki inabaki mwilini mwake. Anapoliwa yeye, zebaki yote aliyojiwekea maishani inahamia kwa mlaji wake. Kufikia kidato cha juu, zebaki ndani ya nyama ya samaki mwindaji inaweza kuwa mara milioni moja au zaidi ya ile iliyomo majini alimoogelea.

Umri nao una hesabu yake. Dagaa haishi muda mrefu. Papa anaweza kuishi miaka mingi, na kila siku ya maisha yake anaongeza kidogo. Kwa hiyo, ukitaka kukisia zebaki iliyomo ndani ya samaki, jiulize maswali matatu: Je, ni mkubwa? Je, anakula samaki wenzake? Je, anaishi miaka mingi? Ndiyo tatu maana yake zebaki nyingi.

## Ndege wa baharini wanatuonyesha nini?

Ndege wengi wa baharini wako juu kwenye ngazi hiyo hiyo. Wanakula samaki na ngisi maisha yao yote, na wengine, kama albatrosi, huishi miongo kadhaa. Kwa sababu hiyo wanasayansi huwatumia kama kipimo cha afya ya bahari.

Ndege ana njia yake ya kupunguza zebaki mwilini. Anapoota manyoya mapya, sehemu kubwa ya methili-zebaki iliyo kwenye damu yake huingia ndani ya unyoya na kukaa humo. Unyoya ukishakomaa, mishipa yake ya damu hufungwa, na zebaki iliyomo haitoki tena. Kila unyoya unakuwa kama daftari la alichokula ndege huyo.

Daftari hizo zipo hata za zaidi ya miaka mia moja iliyopita, kwa sababu makumbusho yamehifadhi ndege waliokaushwa. Watafiti nchini Kanada walipima manyoya ya shakwe weupe wa Aktiki yaliyokusanywa kati ya mwaka 1877 na 2007. Katika miaka hiyo 130, methili-zebaki ndani ya manyoya iliongezeka mara 45. Walipima pia dalili za chakula cha ndege hao na hawakuona kwamba kilikuwa kimebadilika. Chakula ni kile kile. Kilichobadilika ni kilichokuwa ndani yake.

Zebaki haiwaui ndege wengi papo hapo. Inawagusa mahali pengine: kwenye uzazi. Katika visiwa vya Svalbard, kaskazini ya mbali, watafiti waliona kwamba shakwe wa aina moja waliokuwa na zebaki nyingi kwenye damu walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kutotaga kabisa msimu huo.

Na ndege jike ana njia moja zaidi ya kutoa zebaki, ambayo dume hana. Anaitia ndani ya yai. Mwili wake unapata nafuu kidogo, na kifaranga anaanza maisha akiwa tayari ameibeba.

Binadamu hatutagi mayai, lakini hapa tunafanana na ndege kuliko tungependa. Sisi pia tunatoa zebaki kidogo kupitia nywele, na ndiyo maana watafiti hupima nywele za mama kujua alichokula wakati wa ujauzito. Na sisi pia, zebaki ya mama humfikia mtoto kabla hajazaliwa.

## Zebaki inamfikiaje mtoto aliye tumboni?

Kondo la nyuma huzuia vitu vingi vibaya visimfikie mtoto. Methili-zebaki haizuiwi. Ikiwa ndani ya damu hujishika na protini na kupita kama vile ni chakula. Kwa wastani, methili-zebaki katika damu ya kitovu cha mtoto huwa karibu mara 1.7 ya ile iliyo katika damu ya mama. Maana yake mtoto anaweza kupata zaidi kuliko mama mwenyewe, huku mama akijisikia mzima kabisa.

Dunia ilijifunza jambo hili kwa gharama kubwa, katika mji wa Minamata nchini Japani. Kuanzia mwaka 1932 hadi 1968, kiwanda cha kampuni ya Chisso kilimwaga maji taka yenye zebaki kwenye ghuba ambako watu walivua chakula chao cha kila siku. Wanyama ndio waliotangulia kuonyesha dalili. Paka waliolishwa samaki walianza kuyumba na kurukaruka kama wenye wazimu, na kunguru walianguka kutoka angani. Tarehe 1 Mei 1956, daktari mkuu wa hospitali ya kiwanda hicho, Hajime Hosokawa, alitoa taarifa rasmi kuhusu ugonjwa wa mishipa ya fahamu usiojulikana. Wagonjwa wa kwanza walikuwa watoto wadogo.

Kisha ikaonekana kwamba watoto waliozaliwa katika vijiji vile walikuwa na ulemavu mkubwa wa ubongo, ingawa hawakuwahi kula samaki, na mama zao walikuwa na dalili kidogo au hawakuwa nazo kabisa. Wakati huo madaktari waliamini kwamba kondo la nyuma humlinda mtoto na sumu. Ilichukua hadi mwaka 1962 kukubalika rasmi kwamba watoto hao walidhurika wakiwa tumboni.

Ushahidi mwingine ulitoka kwa akina mama wenyewe. Huku kwetu familia nyingi huzika kitovu cha mtoto. Nchini Japani, wengi hukikausha na kukihifadhi ndani ya kisanduku kidogo kama kumbukumbu ya uzazi. Miaka baadaye watafiti walivipima vitovu hivyo na kuikuta methili-zebaki ndani yake.

Minamata ilikuwa sumu ya kiwango cha juu mno. Samaki anayeuzwa kwenye soko la kawaida hafanani na samaki wa ghuba ile. Hata hivyo, kiasi kidogo kinachoingia mara kwa mara wakati wa ujauzito kinaweza kugusa kumbukumbu, lugha na umakini wa mtoto, bila ulemavu wowote unaoonekana kwa macho.

## Je, niache kula samaki nikiwa mjamzito?

Hapana. Kuna tafiti mbili kubwa zinazosaidia kuelewa kwa nini.

Utafiti wa kwanza ulifanyika katika Visiwa vya Faroe, kaskazini mwa Atlantiki. Huko watu walikuwa wakila nyama ya nyangumi, mnyama aliye juu sana kwenye ngazi na mwenye zebaki nyingi. Watafiti waliwafuata watoto zaidi ya 1,000 waliozaliwa mwaka 1986 na 1987. Walipofika umri wa miaka 7, wale ambao mama zao walikuwa na zebaki nyingi wakati wa ujauzito walifanya vibaya zaidi katika majaribio ya lugha, umakini na kumbukumbu. Mwaka 2008 maafisa wakuu wa afya wa visiwa hivyo walishauri kwamba nyama ya nyangumi isiliwe tena.

Utafiti wa pili ulifanyika karibu na kwetu, katika Visiwa vya Shelisheli, kwenye Bahari ya Hindi hii hii. Watafiti walianza na mama na watoto 779, watoto waliozaliwa mwaka 1989 na 1990. Mama hao walikula samaki kwa wastani wa milo 12 kwa wiki. Miaka ilivyopita, watafiti hawakuona dalili thabiti ya madhara kwa watoto. Mama hawa walikula samaki wa baharini wa kila siku, si nyangumi, na virutubisho vya samaki vilikuwa na mchango wake katika kuujenga ubongo wa mtoto.

Virutubisho hivyo ni muhimu kweli. Samaki ana mafuta ya omega-3 yanayojenga ubongo na macho ya mtoto, ana protini, madini joto, madini ya chuma na vitamini B12. Mama anayeacha samaki kwa hofu, kisha akabaki na ugali na mboga peke yake, anaweza kumnyima mtoto wake zaidi ya alichomwokolea. Kwa hiyo cha kujiuliza ni nile samaki gani.

## Samaki gani wa kuchagua?

Majina ya samaki hubadilika kutoka bandari moja hadi nyingine. Ukiwa na shaka, muulize muuzaji samaki huyo anakula nini na anakua kufikia ukubwa gani.

Kula mara kwa mara (milo 2 hadi 3 kwa wiki, hata kama ni mjamzito au unanyonyesha)

- Dagaa wa baharini na wa ziwani, na sadini wa kopo
- Vibua
- Tasi na pono, wanaokula mimea ya baharini
- Changu wadogo
- Sato na perege
- Kamba na ngisi

Kula kwa kiasi (usizidishe mlo 1 kwa wiki, na wiki hiyo usile samaki mwingine mkubwa)

- Jodari mbichi
- Nguru, chagua mdogo
- Chewa, kolekole na mzia; chagua wadogo

Epuka ukiwa mjamzito, ukipanga kupata mimba au ukinyonyesha. Na usimpe mtoto mdogo

- Papa wa aina zote, mbichi au mkavu
- Sansuri na nduaro

Tazama orodha ya kwanza tena. Humo kuna samaki wengi wa bei nafuu. Kwa jambo hili, kipimo cha dagaa cha mama asiye na fedha nyingi kinamfaa mtoto kuliko kipande cha sansuri cha hoteli ya kitalii.

## Tofauti ni kubwa kiasi gani?

Kamati ya pamoja ya wataalamu ya Shirika la Chakula na Kilimo na Shirika la Afya Duniani imeweka kiwango cha methili-zebaki ambacho mtu anaweza kula kila wiki bila kumhatarisha mtoto aliye tumboni: maikrogramu 1.6 kwa kila kilo ya uzito wa mwili. Kwa mama mwenye kilo 60, hiyo ni maikrogramu 96 kwa wiki.

Sasa tufanye hesabu kwa wastani uliopimwa na Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani kwenye samaki wanaouzwa huko:

- Papa: miligramu 0.979 za zebaki kwa kilo. Kipande kimoja cha gramu 100, chini kidogo ya ukubwa wa kiganja, kinamaliza kiwango chote cha wiki.
- Sadini: miligramu 0.013 kwa kilo. Mama huyo huyo angelazimika kula zaidi ya kilo 7 kwa wiki ndipo afikie kiwango hicho.

Samaki wa kwetu hawatakuwa na tarakimu zile zile hasa, lakini ngazi ni ile ile katika bahari zote. Kiwango hiki pia si mpaka ambao ukiuvuka siku moja mtoto anadhurika. Kinahusu mazoea ya kula ya wiki baada ya wiki.

## Mtoto ale samaki kiasi gani?

Mtoto akishaanza chakula cha nyongeza akiwa na miezi 6, anaweza kuonjeshwa samaki aliyepikwa vizuri na kutolewa miiba. Anza na kidogo, na angalia kama anapata vipele, uvimbe au shida ya kupumua. Ukiona mojawapo, mpeleke kituo cha afya.

Kwa samaki wa orodha ya kwanza, mara 2 kwa wiki, kiasi cha mlo mmoja ni takriban:

- Mwaka 1 hadi 3: gramu 30
- Miaka 4 hadi 7: gramu 60
- Miaka 8 hadi 10: gramu 85
- Miaka 11 na kuendelea: gramu 110, sawa na kiganja cha mtu mzima

Vipimo hivi ni vya samaki mbichi au aliyepikwa. Dagaa mkavu ni mwepesi kwa sababu hana maji, hivyo kiasi kidogo kinatosha. Walezi wengi husaga dagaa na kutia unga wake kwenye uji au mchuzi wa mtoto. Ni njia nzuri. Chambua dagaa, osha mchanga, kausha vizuri, kisha saga. Mifupa yake laini humpa mtoto madini ya kujenga mifupa na meno.

## Maswali ambayo akina mama huuliza

Nikimchemsha papa na kumwaga maji, zebaki inatoka?
Hapana. Zebaki imeshikamana na nyama yenyewe. Haikai kwenye damu, ngozi au mafuta pekee, kwa hiyo kuosha, kuchemsha, kukaanga au kukamulia ndimu hakuitoi.

Na papa mkavu?
Kukausha huondoa maji tu. Zebaki inabaki ndani ya nyama iliyopungua uzito. Kwa hiyo gramu 100 za papa mkavu zina zebaki nyingi kuliko gramu 100 za papa mbichi. Ukiwa mjamzito, weka mchuzi wa papa kando kwa muda. Nazi na viungo vile vile vinaweza kupika changu au vibua.

Nimekula papa kabla sijajua kwamba nina mimba. Nifanye nini?
Usiogope. Mlo mmoja au miwili haimaanishi kwamba mtoto amedhurika. Anza kula samaki wa orodha ya kwanza. Mwili huondoa nusu ya methili-zebaki iliyo kwenye damu kwa takriban siku 50, kisha nusu ya iliyobaki kwa siku nyingine 50. Ndiyo maana ni vizuri zaidi kuanza kuchagua samaki miezi kadhaa kabla ya kubeba mimba.

Zebaki hupita kwenye maziwa ya mama?
Hupita kidogo, lakini kidogo kuliko inayopita kwenye kondo la nyuma. Endelea kunyonyesha. Faida za maziwa yako ni kubwa zaidi. Chagua tu samaki wadogo.

Kuna dawa ya kutoa zebaki mwilini?
Usinunue dawa wala mitishamba inayodaiwa kusafisha sumu, hasa ukiwa mjamzito. Dawa za hospitali za kuondoa zebaki zipo kwa waliopata sumu kali, na hutolewa chini ya uangalizi wa daktari. Kwa zebaki inayotokana na samaki, tiba ni kubadilisha samaki na kuupa mwili muda.

Jodari wa kopo je?
Kwa kawaida jodari wa kopo hutokana na aina ndogo, kwa hiyo zebaki yake ni kidogo kuliko ya jodari mkubwa mbichi. Mjamzito anaweza kumla, lakini asiwe ndiye samaki wako pekee wa wiki nzima.

Samaki wa ziwani wako salama?
Kanuni ni ile ile. Sato hula mimea na vidudu. Dagaa hula vidudu vidogo. Wote wako chini kwenye ngazi. Sangara ni mwindaji, na sangara mkubwa mzee ana zebaki zaidi ya sangara mdogo. Ukiishi karibu na mto unaopita machimboni, epuka samaki wawindaji waliovuliwa chini ya mahali dhahabu inapooshwa.

## Zebaki inayoingia nyumbani bila samaki

Kwa familia fulani, samaki si chanzo kikubwa cha zebaki. Kuna vyanzo viwili unavyopaswa kuvijua.

Dhahabu. Mvuke wa zebaki huharibu ubongo, mapafu na figo, na humfikia pia mtoto aliye tumboni. Usikubali donge la dhahabu lichomwe ndani ya nyumba au kwenye jiko la kupikia. Mjamzito na watoto wakae mbali na mahali pa kuchomea. Anayetoka machimboni abadilishe nguo kabla ya kumbeba mtoto, na nguo hizo zifuliwe peke yake.

Krimu za kung'arisha ngozi. Baadhi ya krimu na sabuni za kung'arisha ngozi zina zebaki. Aina hii huharibu hasa figo. Hupita kwenye ngozi ya anayejipaka, hubaki kwenye mikono, taulo na mito, na mtoto anayebebwa huipata. Kama kwenye paketi kuna neno mercury au calomel, au alama Hg, usiitumie. Krimu isiyoonyesha viambato vyake nayo iache.

Nchi nyingi zimetia saini Mkataba wa Minamata, uliopewa jina la mji ule na kuanza kutumika tarehe 16 Agosti 2017. Mkataba huo unazitaka nchi zipunguze zebaki inayotumika kwenye dhahabu, viwanda na bidhaa. Hiyo ndiyo dawa ya mzizi. Lakini zebaki iliyoko baharini tayari itachukua miaka mingi kupungua, na mtoto aliye tumboni hasubiri.

## Wakati wa kwenda kituo cha afya

Nenda upesi kama wewe au mtoto mna mojawapo ya dalili hizi, hasa kama kuna dhahabu inayochomwa karibu au mnatumia krimu za kung'arisha:

- Ganzi au kuwashwa mdomoni, mikononi au miguuni
- Kutetemeka mikono
- Kuyumba unapotembea, au mtoto kuanza kuanguka ovyo
- Kuona kwa shida, hasa pembeni
- Kuvimba uso au miguu, au mkojo kupungua
- Mtoto kupoteza uwezo aliokuwa nao, kama kukaa, kutembea au kusema

Dalili hizi zinaweza kuletwa na magonjwa mengine pia. Mweleze mhudumu kila kitu: mnachokula, mnachojipaka, na kazi inayofanyika nyumbani.

Kwenye kliniki ya wajawazito, taja samaki unaokula kama unavyotaja dawa unazomeza. Kama mhudumu atakuambia uache samaki wote, muulize: "Na dagaa je?"

## Mambo ya kukumbuka

1. Samaki ni chakula kizuri kwa mama na mtoto.
2. Samaki mdogo, anayekula mimea au vidudu, ana zebaki kidogo. Samaki mkubwa anayekula samaki wenzake ana nyingi.
3. Epuka papa, sansuri na nduaro wakati wa ujauzito na unyonyeshaji, na usiwape watoto wadogo.
4. Anza kuchagua kabla ya mimba, kwa kuwa mwili hutoa zebaki polepole.
5. Jiko haliondoi zebaki. Uchaguzi wako sokoni ndio unaoipunguza.

Ndege wa baharini hana soko la kuchagua. Anakula alichokikuta na kumrithisha kifaranga wake. Wewe unaweza kusimama mbele ya meza ya muuzaji na kuonyesha kidole kwenye dagaa.